Kitafunio cha Saa Nne: Mtama, Tende na Simsim

Leo sigusi siasa wala bei ya ngamia. Nataka tuzungumze juu ya tumbo la saa nne asubuhi.

Saa nne ina mambo yake. Chai ya alfajiri imeshateremka, chakula cha mchana kiko mbali, na kengele ya shule imelia. Mtoto anatoka darasani na shilingi kumi mkononi, mbio hadi dukani. Atarudi na biskuti, au krispi, au peremende, au kile kifuko cha maji ya rangi na sukari. Karani naye anaagiza chai na mandazi mawili. Walioketi kwenye mkeka wa miraa wana soda kando. Kila mmoja amenyamazisha njaa, lakini kabla ya adhuhuri njaa imepiga hodi tena, maana unga mweupe na sukari havikawii tumboni.

Siku hizi kwenye simu zetu kunazunguka jawabu la tatizo hili: vipande vya kuoka vya nafaka nzima na matunda. Mpishi wa kwenye video anachanganya oti, asali na matunda makavu yaliyotoka mbali, anasukuma treya ndani ya oveni ya umeme, anakata vipande vinavyolingana, kazi imekwisha. Mama wa Diff, Wajir, akitazama atacheka. Oti hazionekani dukani kwake, oveni hana, na asali ikipatikana huwekwa kwa ajili ya kikohozi. Atafunga video na kumtuma mtoto akalete biskuti.

Mimi nasema asifunge. Mapishi yale ni mageni, lakini wazo lenyewe lina wenyewe huku. Nafaka tunayo, tunda tunalo, mbegu ya mafuta tunayo, na mahali pa kuokea hapakosekani palipo na sufuria na makaa. Ila kuna sharti moja, nalo nitalishikilia mpaka mwisho: kipande hicho kibaki chakula, kisigeuke peremende iliyovaa kanzu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kwa mfugaji, kitafunio cha mtoto kilikuwa maziwa. Mtoto aliyechunga mbuzi alikunywa maziwa asubuhi, akanywa tena jioni, na katikati akachuma kunazi na matunda mengine ya porini. Kisha ikaja miaka ya ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo ikafa kwa wingi Wajir, Garissa na Mandera. Mwisho wa 2023 mvua iliporudi ilirudi na mafuriko. Nyumba iliyopoteza ngamia wake ilianza kula kutoka dukani, na dukani kilicho rahisi kubeba, kuhifadhi na kununua kwa shilingi kumi ni biskuti. Kwa hiyo tusimlaumu mama. Maziwa yalipokatika, kitu fulani kililazimika kuziba pengo, na kiwanda cha biskuti kilikuwa tayari.

Sasa tuje kwenye nafaka. Punje ya mtama, ya ngano au ya mahindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo mashine ikilitenga tunaliita pumba. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi. Ndani, upande mmoja, kuna kiini ambacho kingeota mmea. Kina mafuta, vitamini za kundi B na madini. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Mashine inapokoboa, ganda na kiini huondolewa, wanga hubaki, na unga hutoka mweupe. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda vya unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti kuongeza baadhi ya vitamini na madini, na hilo ni jema. Lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Tumezikabidhi kwa mifugo pamoja na pumba.

Na somo hili la nyuzinyuzi, msikilizaji, sehemu yake kubwa ilisomwa hapa hapa Afrika Mashariki. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda na kufanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kukaa huko karibu miaka ishirini. Wote wawili walishangazwa na wagonjwa ambao hawakuwaona. Kisukari cha ukubwani, kuziba kwa mishipa ya moyo, mawe ya nyongo, hata kufunga choo, maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza, yalikuwa nadra kwa wanakijiji waliowatibu. Mwaka 1960 Trowell aliyaandika hayo katika kitabu. Mwaka 1975 wawili hao wakatoa kitabu kwa pamoja, wakidai kwamba chanzo kimojawapo ni vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa mno.

Si kila walichodai kimesimama. Wanakijiji wale walifanya kazi za mikono kutwa na walikuwa wembamba, na hayo pia yana mchango wake. Lakini kuhusu nyuzinyuzi, utafiti wa baadaye uliwaunga mkono. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio moja la kubadilishana sahani: Wamarekani weusi 20 walikula chakula cha kijijini cha Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi tele, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakala chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Ilikuwa wiki mbili tu. Kwa waliopata nyuzinyuzi, dalili za hatari ya saratani ndani ya utumbo mpana zilipungua. Kwa waliozikosa zikapanda. Leo mjukuu wa yule mwanakijiji wa Burkitt anafundishwa na video ya ng'ambo kula nafaka isiyokobolewa. Ni mambo ya kucheka, kisha kutafakari.

Huku kwetu mtama una kesi ya kujibu. Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991, mtama ulifika ndani ya magunia ya msaada. Wengi waliuuza kwa bei ya kutupa ili wapate mchele, pasta na sukari. Ndiyo maana vijana wengi wakiuona mtama wanaona foleni ya mgao. Lakini muulize ayeeyo, bibi yako. Atakusimulia soor, ugali wa mtama uliomwagiwa maziwa na samli. Atakusimulia muufo, mkate uliobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Ng'ambo ya mpaka, kule Baidoa, mtama mwekundu ndio mhimili wa chakula. Teremka mpaka Lamu na Mombasa, utakuta mkate wa mofa, wa mtama vilevile, umeokwa kwenye tanuri lile lile. Mtama ulikuwa chakula cha heshima kabla haujafungwa kwenye gunia la msaada, na tunaweza kuurudishia heshima hiyo kwa kuanza na kitu kidogo tu, kitafunio.

Tunda letu la kwanza ni tende. Hakuna duka la Diff, Habaswein wala Garissa lisilo na tende, na Ramadhani zinapangwa hadi mlangoni. Hatuna haja ya kufundishwa tende. Lakini tuseme ukweli: tende si malaika. Katika kila gramu 100 za tende, takriban gramu 65 ni sukari. Faida yake ni kwamba sukari hiyo inakuja na nyuzinyuzi, karibu gramu 7, pamoja na madini ya potasiamu, na inashika unga barabara bila kuongeza sukari ya kopo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku. Linasema ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko vidogo sita kwa mtu mzima. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo. Asali imo. Ndiyo, asali ya nyuki, uliyoambiwa ni dawa, inahesabiwa pamoja na sukari. Kwa hiyo ukiona mapishi ya afya yanayomimina kikombe kizima cha asali, jua kanzu imeshavaliwa.

Haya, hooyo, mama, chukua kalamu. Na wewe baba unayesikiliza kimya kimya, chukua pia, kwani makaa hayachagui mkono.

Tafuta vikombe viwili vya unga wa mtama ambao haukukobolewa. Nenda kwenye mashine ya posho na mtama wako mwenyewe, uliopepetwa na kuokotwa mawe, usagiwe ukiona. Kama familia haijazoea ladha ya mtama, kikombe kimoja kiwe mtama na kingine kiwe unga wa atta, ule wa chapati za kahawia. Tafuta robo kilo ya tende zilizotolewa kokwa, nusu kikombe cha simsim, nusu kikombe cha njugu, ndizi moja iliyoiva sana, robo kikombe cha mafuta ya kupikia, yai moja kama lipo, chumvi kidogo, na viungo vyako vya chai: iliki, mdalasini, tangawizi. Sukari? Sikuitaja, na sitaitaja.

Tende zimwagie nusu kikombe cha maji ya moto, funika robo saa. Maji hayo usiyamwage. Diff maji hununuliwa, tena haya yamekwisha kubeba utamu. Ziponde zilainike kama uji mzito. Ponda na ndizi humo humo. Wakati huo kaanga simsim bila mafuta mpaka ianze kurukaruka, iondoe. Kaanga njugu, zimenye, uzitwange, zisilainike kabisa. Kisha unga wenyewe: uweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika tano au sita mpaka harufu ibadilike. Hatua hii usiiruke. Unga wa mtama usiokaangwa una ukakasi, na mtoto akiuonja mara moja hatarudi.

Changanya vyote. Mtama hauna ule mnato wa ngano, ndiyo maana tende, ndizi na yai vinahitajika kuushika. Ukifinya donge kiganjani lishikamane bila kuvuja. Likimeguka, ongeza kijiko cha maji. Likinata mno, ongeza unga. Acha dakika kumi unga unywe.

Sasa tanuri. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza ndani mchanga mkavu safi, unene wa vidole viwili, na kwa mchanga sisi hatukopi mtu. Funika, weka jikoni ipate moto. Donge lako litandaze kwenye sufuria ndogo isiyo na mikono au bati la keki lililopakwa mafuta, unene wa kidole gumba, ulibonyeze na mgongo wa kijiko. Liweke juu ya mchanga, funika, na palia makaa juu ya kifuniko. Kanuni ni ile ile ya wali wa kupalia: makaa mengi juu, machache chini. Dakika 35 hadi 40 hutosha. Fanya kazi hii uani au mlangoni penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana huua. Mwenye oveni ya gesi aiweke nyuzi 170 au 180 na apunguze dakika kumi.

Ikitoka, kata ikiwa bado ya moto. Ukingoja ipoe itavunjika ovyo. Kata vipande 20. Pembe zisizolingana ni haki ya mpishi.

Hesabu yake sasa. Kila kipande kitakuwa na sukari ya tunda kama gramu 8 au 9, yaani vijiko viwili vidogo. Soda ya mililita 300 ina vijiko kama vinane, na haina chochote cha kutafuna. Lakini mtu akila vipande vinne kwa mkupuo, amejirudisha pale pale alipokuwa akikimbia. Kipande kimoja kwa mtoto, kimoja au viwili kwa mtu mzima. Mgonjwa wa kisukari asidanganywe na neno tende. Akihesabu kama anavyohesabu wanga mwingine wowote, na akimuuliza mhudumu wake wa afya, atakuwa salama zaidi.

Kuna tahadhari nyingine, na baadhi ni za uhai. Njugu zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu, zitupe. Usiseme moto utazisafisha. Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kuokwa. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 125 katika eneo la Makueni na Kitui. Njugu nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia, zitwange. Yupo pia mtu ambaye mwili wake unakataa njugu kabisa. Kwake weka simsim zaidi, na hiyo nayo mjaribishe kidogo kwanza.

Joto letu nalo lina kanuni zake. Unga usiokobolewa una mafuta ya kiini, na joto huyachachusha mpaka unga ukaanza kunuka mafuta ya kale. Hifadhi punje, saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili usifanywe wa miezi mitatu. Vipande vyenyewe, vikiwa na ndizi na yai, vile ndani ya siku tatu. Ukitaka vya safari, vya kumpa kijana anayefuata ngamia, acha ndizi na yai, ongeza tende kidogo, oka moto mdogo kwa muda mrefu mpaka vikauke. Wenye mji wa nyirinyiri, ile nyama kavu, hawahitaji mimi niwaeleze jinsi ukavu unavyotunza chakula njiani.

Na chai je? Hapa najua nitaudhi watu. Mtama una madini ya chuma, ambayo wasichana wetu na mama wajawazito wanayahitaji sana. Lakini chai inayanyima nafasi: vitu vilivyomo kwenye majani ya chai hushikana na chuma hicho tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Limau hufanya kinyume chake, hukifungulia chuma njia. Basi kula kipande chako na maji uliyokamulia limau au ndimu, au na kipande cha embe, na mashamba ya kando ya Mto Tana pale Garissa yanatupatia maembe msimu ukifika. Chai ikae saa nzima kabla au baada. Kama hilo haliwezekani, na najua kwa wengine haliwezekani, angalau mtoto na mjamzito walizingatie. Pia ukiweza kuloweka mtama usiku mzima, au kuuotesha kidogo na kuuanika kabla ya kuusaga, mwili utapata chuma zaidi.

Jambo moja nisieleweke vibaya. Kipande hiki si tiba ya utapiamlo. Mtoto aliyekonda, ambaye utepe wa kupimia mkono umeonyesha rangi nyekundu, apelekwe kituo cha afya leo hii, wala asingojewe aokewe kitu.

Nimalizie na pesa, maana saa nne ni soko. Wanawake wa kikundi wakichanga magunia mawili ya mtama wanaweza kuoka kwa zamu na kuuza langoni mwa shule. Kuna sheria zake: anayeuza chakula lazima awe amepimwa afya na kupata cheti kutoka kwa afisa wa afya ya umma, na bidhaa ya pakiti inayokwenda madukani inahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Wakifika hatua hiyo, watajaribiwa. Mteja atasema ongeza sukari, muuzaji atasema pumba zinafanya kipande kiwe cheusi, tia unga mweupe kidogo, paka chokoleti juu. Kila ushauri utaonekana mdogo. Ukiukubali wote, umefungua kiwanda kingine cha biskuti, tofauti ni kwamba hiki kiko Diff.

Kwa hiyo nakupa mtihani rahisi. Oka mara moja. Mpe mtoto wa jirani kipande, usimwambie habari za afya wala za nyuzinyuzi. Akikuomba cha pili, umefaulu, mnyime. Akikirudisha, kaanga unga vizuri zaidi, ongeza iliki, punguza moto, ujaribu tena. Chochote ruksa kubadilisha, isipokuwa usiongeze sukari.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza kuhusu maziwa ya ngamia na namna ya kuyatunza yasiharibike njiani kwenda sokoni.